Kiingereza cha Darasani na Kiswahili cha Mimbarini: Isimu Tumizi na Malezi ya Watumishi wa Neno

Huenda msomaji akastaajabu kuona jarida la theolojia likitoa kurasa zake kwa jambo ambalo kwa kawaida huachiwa walimu wa lugha. Hata hivyo, sisi tunaofundisha katika vyuo vya Kanisa twajua ya kuwa kila mwaka huletwa kwetu ndugu ambao wito wao umepimwa na sharika, waliofundisha Kipaimara kwa miaka, waliozika wafu na kuwafariji wafiwa. Na miongoni mwao wako wanaokwama, si katika fundisho la ubatizo wala katika ufafanuzi wa Warumi, bali katika Kiingereza. Mtihani huandika juu yao kwamba hawajui theolojia. Je, ndivyo ilivyo? Katika makala haya tunakusudia kueleza taaluma iitwayo isimu tumizi inasema nini juu ya swali hilo, jinsi ufundishaji wa Kiingereza ulivyokwenda katika vyuo vikuu vya nchi yetu, na kwa nini wachungaji hawawezi kuyaachia mambo haya wataalamu peke yao.

Safari ya lugha ya mtoto wa Mfaranyaki

Na tumchukue mtoto aliyezaliwa Mfaranyaki, katika Manispaa ya Songea. Kwa bibi yake atasikia Kingoni, au Kimatengo ikiwa wazazi wametoka upande wa Mbinga, au Kiyao au Kindendeule. Barabarani na sokoni atasema Kiswahili. (Yafaa kukumbuka kwa kupita kwamba Wangoni wenyewe walifika nchi hii katika karne ya 19 na lugha ya kusini, ya jamii moja na Kizulu, lakini lugha ya washindi ikamezwa na lugha za walioshindwa, Kingoni cha Songea leo kiko karibu zaidi na ndugu zake wa Ruvuma kuliko na Kizulu. Wenye mikuki hawakuweza kuamuru mama aseme nini na mtoto wake.) Shule ya msingi ya serikali atasoma kwa Kiswahili, na Kiingereza kitakuwa somo moja kati ya mengi, likifundishwa mara nyingi na mwalimu ambaye mafunzo yake mwenyewe ya ualimu yalitolewa kwa Kiswahili. Kisha yuaingia kidato cha kwanza, na ghafla historia, jiografia, baiolojia na hisabati zote zinageuka kuwa Kiingereza.

Kila aliyepita katika shule hizo ajua kinachotokea. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, hueleza kwa Kiswahili, kisha hutahini kwa Kiingereza. Mwanafunzi hunakili. Ajifunza mapema kwamba jibu salama ni lile lililo katika daftari, neno kwa neno. Kwa maana akiongeza la kwake huenda akakosea sarufi, akapoteza alama hata kwa yale aliyoyajua. Mazoea haya ya kukariri hayaishi kidato cha sita. Hutufuata hadi chuo cha theolojia, na kwa kusema kweli hutufuata hadi mimbarini.

Mtoto huyo huyo hujifunza Katekisimo kwa Kiswahili, huimba kwa Kiswahili, na akiitwa katika uinjilisti atasoma chuo cha Biblia kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa desturi Mwika, Kidugala au Ruhija. Lakini akitafuta digrii ya theolojia, kwa mfano Makumira, atasoma kwa Kiingereza. Baada ya kuhitimu atarudi kuhubiri kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha ya kufikiria kwa kina imewekwa katikati ya maisha yake kama chumba chenye mlango mmoja: huingia kwa shida, hutoka, na aliyoyapata humo mara nyingi hubaki humo.

Jinsi tulivyofika hapa

Mwaka 1967 serikali ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, sambamba na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi walitazamia kuwa sekondari ingefuata. Mwaka 1978 Penina Mlama na mwenzake Matteru, katika kazi yao kwa ajili ya Baraza la Kiswahili la Taifa, walionyesha haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu, wakieleza hali halisi ya wanafunzi ambao hawakuweza kujieleza kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985 na chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alieleza kwamba Kiingereza ni kama Kiswahili cha ulimwengu, na kwa sababu hiyo kifundishwe na kupewa uzito wake.

Mwaka huo huo wa 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, waliwasilisha taarifa juu ya viwango vya Kiingereza katika nchi. Waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali, na kuhusu chuo kikuu waliona kwamba chini ya asilimia 20 ya waliopimwa wangeweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vilivyo rahisi zaidi vya masomo yao. Mtu angetarajia kwamba takwimu kama hiyo ingefunga mjadala. Badala yake, walipendekeza Kiingereza kiimarishwe ili kiendelee kufundishia, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, ukileta mafunzo ya walimu na vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Vitabu vile vilikuwa na faida, tutarudi kwake. Lakini swali la msingi, yaani kama mtu aweza kuelimika kwa lugha asiyoijua, halikujibiwa na mradi.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tatizo lilikuwa limekwisha kuonekana. Mwaka 1978 kilianzishwa kitengo cha Stadi za Mawasiliano ili kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kusoma vitabu, kuandika muhtasari, kufuata mihadhara na kupanga insha. Wanaisimu wa chuo hicho ndio waliokuja kuandika kwa uwazi zaidi juu ya jambo hili: Casmir Rubagumya alihariri kitabu juu ya lugha katika elimu kilichotoka mwaka 1990, na mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wakatoa kitabu chao juu ya mgogoro wa lugha nchini. Tangu mwaka 2002 mradi wa pamoja wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwe, ambamo Martha Qorro na Birgit Brock-Utne walikuwa na sehemu kubwa, ulichunguza wanafunzi wa sekondari wakifundishwa somo lile lile kwa lugha mbili tofauti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiendelea kutumika. Darasani, sekondari na vyuo vikuu viliendelea na Kiingereza.

Inafaa kutambua kwamba walioandika kwa nguvu kutetea Kiswahili kama lugha ya kufundishia walikuwa, wengi wao, walimu wa Kiingereza. Hawakukichukia Kiingereza. Walikuwa wakisema kwamba kufundisha lugha ni kazi moja na kufundishia kwa lugha ni kazi nyingine, na kwamba anayezichanganya huharibu zote mbili. Mwanafunzi wa fizikia asiyeelewa Kiingereza hapati fizikia; na Kiingereza nacho hakipati, maana mwalimu wa fizikia hakufunzwa kufundisha lugha, tena mara nyingi Kiingereza chake mwenyewe kinachechemea.

Isimu tumizi yatufundisha nini

Isimu ni elimu ya lugha kama lugha: sauti zake, maumbo ya maneno, muundo wa sentensi, maana. Isimu tumizi ni tawi linalochukua maarifa hayo na kuyaelekeza kwenye matatizo ya watu: jinsi ya kufundisha lugha, kutafsiri, kupima, kutunga sera. Ni kama utofauti ulioko kati ya dogmatiki na theolojia ya kichungaji. Mtu aweza kufaulu vizuri katika ile ya kwanza akashindwa kabisa na ile ya pili, na hapa ndipo tunapoona udhaifu wa mafunzo ya walimu wa Kiingereza katika vyuo vikuu vyetu: mhitimu aweza kueleza fonimu ni nini na kuchora matawi ya sentensi, lakini hajapewa njia ya kumsaidia kijana wa Songea kusoma ukurasa mmoja na kuuelewa.

Mambo mawili ya taaluma hii yanatuhusu moja kwa moja. La kwanza ni tofauti aliyoieleza Jim Cummins wa Kanada mwaka 1979, kati ya lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma. Mtu aweza kusalimu, kununua na kutania kwa lugha ngeni baada ya muda mfupi. Lakini kuifuata hoja ndefu, isiyo na ishara za uso wala mazingira ya kusaidia, ni uwezo mwingine. Uchunguzi wake juu ya watoto wa wahamiaji huko Kanada ulionyesha kuwa walihitaji kiasi cha miaka 5 hadi 7 ili kuwafikia wenzao katika lugha ya masomo. Watoto hao waliishi katikati ya wasemaji wa Kiingereza, wakikisikia dukani na mchezoni. Kijana wa Mfaranyaki hukisikia darasani tu, na hata huko kwa vipande. Kwa hiyo mchungaji mwanafunzi anayezungumza Kiingereza vizuri na mgeni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani au Marekani asitudanganye, wala asijidanganye. Bado hatujui kama ameelewa kitabu cha Christolojia.

La pili ni hesabu ya msamiati. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead akaongeza orodha ya familia 570 za maneno yanayorudiarudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka huo huo wa 2000 ulionyesha kwamba ili mtu asome bila msaada na kuelewa vya kutosha, yampasa ajue karibu asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Tukilipeleka jambo hili kwenye ukurasa wa maneno 300: anayejua asilimia 98 hukutana na maneno 6 mageni, naye aweza kukisia. Anayejua asilimia 90, ambaye kwa macho ya haraka huonekana yuko vizuri, hukutana na maneno 30. Huyo hasomi tena, yuafukua. Akiwa na kurasa 40 za kusoma kabla ya mhadhara wa kesho, hana njia isipokuwa kuomba daftari la mwenzake wa mwaka uliopita.

Kwa sababu hiyo vile vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa vilikuwa na akili ndani yake. Msamiati haukui kwa kukariri orodha tu bali kwa kusoma mengi yaliyo mepesi, hadi maneno ya kawaida yaache kumsumbua msomaji. Wanafunzi wa theolojia huona haya kusoma hadithi za kitoto. Wanataka kuanza na Barth. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao.

Kiyunani kwa mkono wa pili

Hapa tunafika mahali ambapo somo la lugha linagusa theolojia yenyewe, nasi tutakaa kidogo.

Katika vyuo vyetu mwanafunzi hujifunza Kiyunani kwa kitabu cha sarufi kilichoandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza; kile cha J. W. Wenham cha mwaka 1965 kimetumika sana ulimwenguni. Kitabu cha namna hiyo hutumia kurasa nyingi kumwondolea Mwingereza ugeni wa mambo ambayo kwa Mswahili si mageni hata kidogo. Mwingereza hushangaa kwamba kitenzi cha Kiyunani hubeba nafsi ndani yake, hata neno moja likawa sentensi kamili. Mswahili asemaye "ninapenda" hashangai. Tofauti ni kwamba Kiyunani huweka alama ya nafsi mwishoni na Kiswahili huiweka mwanzoni.

Tena, tazama nyakati. Mwalimu akieleza kwa Kiingereza tofauti kati ya wakati uitwao aoristi na ule wa hali timilifu, wanafunzi huandika fasili mbili na kuzisahau. Lakini Kiswahili kina -li- na -me-. "Mgeni alifika" haituambii kama mgeni yupo. "Mgeni amefika" yatuambia yupo, na tuweke chai jikoni. Katika 1 Wakorintho 15:3-4 Paulo hutumia aoristi kwa kufa kwake Kristo na kuzikwa kwake, kisha anabadili na kutumia hali timilifu kwa kufufuka. Biblia yetu ya Muungano ya mwaka 1952 imetumia -li- kote. Kiyunani kingeturuhusu kusema: alikufa, alizikwa, amefufuka. Mwanafunzi aliyeonyeshwa jambo hilo kwa viambishi vya lugha yake mwenyewe amepata mahubiri ya Pasaka, na amepata sarufi ambayo haitamtoka. Aliyeonyeshwa kwa Kiingereza peke yake amepata swali la mtihani.

Zingatia pia neno haki. Katika Kiyunani cha Warumi, jina, sifa na kitenzi hutoka shina moja: dikaiosune, dikaios, dikaioo. Kiingereza kimevunja undugu huo, kwa kuwa jina "righteousness" limetoka kwenye shina la Kijerumani cha kale na kitenzi "justify" kimetoka Kilatini. Ndiyo maana wafafanuzi wa Kiingereza hulazimika kuandika aya nzima kueleza kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Katika Kiswahili twasema haki, mwenye haki, kuhesabiwa haki, na undugu unasikika bila maelezo. Tumewahi kusoma insha za wanafunzi ambao, wakiandika kwa Kiingereza, walizitenga haki ya Mungu na kuhesabiwa haki kana kwamba ni sura mbili za kitabu zisizojuana. Wangeandika kwa Kiswahili isingewezekana. Hatusemi kwamba Kiswahili hakina mitego yake: mshiriki anayesikia haki zake kila siku redioni aweza kudhani kwamba haki ya Mungu ni kitu anachostahili kudai. Lakini mtego huo ndio atakaoukuta mchungaji usharikani, na ndio unaopaswa kufanyiwa kazi darasani. Kitabu cha Kiingereza hakiujui.

Mfano mwingine tuliupata Mfaranyaki kwenyewe, katika somo la Biblia la jioni juu ya Luka 22. Mama mmoja wa usharika, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, aliinua mkono akasema, "Baba Mchungaji, mbona Shetani anawataka wote, lakini Bwana anamwombea Simoni peke yake?" Alikuwa ameona kile kilichomo katika Kiyunani: katika mstari wa 31 Yesu anasema "ninyi", katika mstari wa 32 anasema "wewe". Kiingereza cha siku hizi kina neno moja tu, "you", kwa wote wawili. Kile cha mwaka 1611 kilitofautisha, lakini tafsiri za sasa hazioni hilo isipokuwa zikiongeza neno au tanbihi. Mwanafunzi aliyekuwa mafunzoni pamoja nasi alikuwa na kitabu cha ufafanuzi cha Kiingereza mkononi, naye hakuwa ameliona swali hilo. Na ni swali zuri: wote wanapepetwa, mmoja anaombewa, naye anaagizwa akishaongoka awaimarishe wengine. Pale pana fundisho zima la huduma.

Wittenberg walifanyaje

Sisi Walutheri tuna desturi ya kusema kwamba Matengenezo yalirudisha Neno katika lugha ya watu, na kuishia hapo. Habari ni pana zaidi. Hoja 95 za mwaka 1517 ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ya chuo kikuu. Mwaka 1518 Luther alitoa mahubiri mafupi ya Kijerumani juu ya vyeti vya msamaha na neema, nayo ndiyo yaliyosomwa na watu wa kawaida. Jambo moja, lugha mbili, wasomaji wawili. Mwaka huo huo Melanchthon, kijana wa miaka 21, aliitwa Wittenberg kufundisha Kiyunani. Agano Jipya la Kijerumani lilitoka mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534. Katikati, mwaka 1524, Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na kufundisha lugha za kale, akiamini kwamba Injili haitatunzwa bila lugha hizo. Na mwaka 1530, akitetea tafsiri yake, alieleza kwamba mfasiri humsikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa sokoni, ili ajue wanavyosema.

Ungamo la Augsburg lenyewe liliwasilishwa mwaka 1530 kwa lugha mbili, Kilatini na Kijerumani, na tarehe 25 Juni likasomwa kwa sauti kwa Kijerumani na Christian Beyer, chansela wa Saksonia. Hakuna aliyefikiri kwamba nakala ya Kijerumani ilikuwa ya wasiosoma. Zote mbili zilikuwa Ungamo.

Basi kielelezo cha Wittenberg hakiruhusu mojawapo ya pande mbili zinazobishana kwetu. Hakimruhusu anayesema tuache lugha za kigeni, kwa sababu mtumishi wa Neno asiyeweza kusoma zaidi ya yale yaliyoandikwa kwa lugha yake atabaki mateka wa wachache waliotafsiri. Wala hakimruhusu anayesema theolojia ya kweli ni ile ya Kiingereza. Luther hakungoja Kijerumani kikomae ndipo akitumie. Kilikomaa kwa kutumiwa.

Nasi tuna ushahidi wa nyumbani. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha. Isimu ni taaluma ngumu yenye istilahi nyingi kuliko dogmatiki, na katika chuo hicho kimoja imefundishwa kwa Kiingereza katika idara moja na kwa Kiswahili katika idara nyingine. Wahitimu wa Kiswahili hawakuwa wajinga kuliko wenzao. Anayesema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia theolojia ya mfumo anasema kwamba sisi hatujayatunga. Makumira ilianza kutoa jarida lake la theolojia ya Kiafrika mwaka 1968, nalo lilikuwa la Kiingereza; tulilipenda, tuliandika humo, na washiriki wetu hawakulisoma.

Mwalimu Nyerere yule yule aliyekiita Kiingereza Kiswahili cha ulimwengu, alitumia miaka ya uzee wake kuzitia Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, nazo zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Na Peramiho si mbali na Songea. Haoneki kuwa alihisi mgongano wowote. Mtu aliyetafsiri Shakespeare alijua kwamba lugha mbili zaweza kukaa katika kichwa kimoja kwa heshima.

Yanayowezekana katika vyuo vyetu

Hatutarajii kwamba sera ya taifa ibadilike kwa sababu ya makala katika jarida letu, wala vyuo vikuu vya Kanisa haviwezi kupuuza masharti ya ithibati. Lakini mengi yako mikononi mwetu.

Kwanza Kiingereza kifundishwe, na kifundishwe na aliyefunzwa. Kwa miaka mingi katika vyuo vya theolojia somo hili liliachiwa mke wa mmisionari au mwalimu yeyote aliyewahi kukaa ng'ambo, kana kwamba kuijua lugha ni sawa na kujua kuifundisha. Isimu tumizi huanza kwa kuuliza: mwanafunzi huyu atafanya nini na lugha hii? Mwanafunzi wa theolojia hahitaji sana mazungumzo ya hotelini. Anahitaji kusoma ufafanuzi, kamusi na historia ya Kanisa, na kuandika hoja fupi iliyo wazi. Kwa hiyo mafunzo yaanze na kusoma: mengi na mepesi katika miezi ya kwanza, kisha maneno ya kitaaluma, kisha kurasa halisi za masomo yake. Makosa nayo yasomwe kwa akili. Tangu S. P. Corder alipoandika mwaka 1967, walimu wa lugha wameyatazama makosa ya mwanafunzi kama dalili ya anachokijenga kichwani. Ndugu anayeandika habari za mama yake mzazi kwa "he" si mzembe. Lugha yake ina "yeye" mmoja kwa mume na mke, na hajawahi kulazimika kuchagua. Kalamu nyekundu haitamfundisha. Maelezo ya dakika kumi yatamfundisha.

Pili, majadiliano ya darasani yafanyike kwa Kiswahili hata pale kitabu kinapokuwa cha Kiingereza. Huko Wales, mwaka 1994, Cen Williams alieleza njia ya kusoma kwa lugha moja na kujadili au kuandika kwa nyingine, kwa makusudi na kwa mpango. Tangu hapo njia hiyo imechunguzwa katika nchi nyingi. Sisi tumekuwa tukiifanya kwa siri na kwa haya, mlango ukiwa umefungwa. Ikifanywa kwa utaratibu, mwanafunzi hulazimika kuyasema mawazo ya kitabu kwa maneno ambayo hayamo kitabuni, na hapo kukariri hakumsaidii. Ni mtihani mkali kuliko ule wa Kiingereza. Wanafunzi wanaotoka nchi zisizotumia Kiswahili wafikiriwe kwa vikundi vyao. Ni wachache, na hao kutoka Kongo ya mashariki na Kenya hawana shida.

Tatu, sarufi ya Kiyunani iandikwe upya kutoka ndani ya Kiswahili. Tunasema kuandika, maana kufasiri Wenham kungetuletea matatizo ya Mwingereza kwa maneno ya Kiswahili. Ni kazi ya walimu wawili au watatu kwa miaka michache, na karatasi za somo za walimu wengi zimekwisha kuwa nusu ya kitabu.

Na kuhusu mitihani: pale ambapo kanuni zinadai jibu la Kiingereza, msahihishaji aweza kutoa alama za hoja mahali pake na alama za lugha mahali pake, na kuziandika kando kando katika karatasi. Mwanafunzi aliyepata 14 kati ya 20 kwa hoja na 6 kati ya 20 kwa lugha atajua aende kwa mwalimu gani, na halmashauri ya dayosisi iliyomtuma, ikiuliza kama yule ndugu wa Songea ajua theolojia, itapata jibu.